Makamasi ya Kijani Hayadai Antibayotiki

Mwandishi mmoja anadai makamasi yakigeuka kijani, mtu akimbilie duka la dawa akanunue amoksilini. Kwani rangi ndiyo kipimo cha maabara? Ukijani huo hutokana na kimeng'enya cha seli nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na antibayotiki haiviui virusi hata umeze kopo zima. Inachofanya ni kulea bakteria sugu, kisha siku ya nimonia dawa inagoma. Matone ya kuzibua pua anayoyasifu nayo, yakitumiwa zaidi ya siku 5, huiziba upya. Osha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Siku 10 zikipita bila nafuu, au mtoto akihema haraka, nendeni hospitali.