Usimshitaki Jirani kwa Rangi ya Kifaranga

Ndugu mkulima, nina neno moja la kukuambia juu ya wale kuku wadogo wa mapambo waitwao bantamu, ambao watu huwafuga kwa ajili ya uzuri wa manyoya yao. Neno lenyewe ni hili: ukinunua jogoo na mitetea wa rangi ya buluu, nao wakazaa vifaranga weusi, usiseme umeibiwa mpaka umefanya hesabu.

Naandika haya kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa. Siku moja mzee mmoja alikuja ofisini kwetu na kikapu. Ndani yake mlikuwa na vifaranga 11 waliokwisha kuota manyoya: sita wa buluu, watatu weusi, na wawili weupe wenye matone ya buluu. "Bwana karani," akasema, "yule mama aliniuzia buluu, na haya ndiyo niliyopata. Amenidanganya." Nami, bila kuuliza lolote, nikamwandikia yule mama barua kwamba amrudishie mzee fedha zake. Akazirudisha, wala hakujibu neno.

Kumbe alikuwa mwuzaji mwaminifu. Buluu hii si rangi ya kujitegemea, bali ni weusi uliopunguzwa. Kila kifaranga hupata fungu moja la urithi kwa baba na fungu moja kwa mama. Liko fungu liachalo weusi kama ulivyo, na liko fungu lipunguzalo weusi. Kuku mwenye mafungu mawili ya weusi huwa mweusi. Mwenye moja la kila namna huwa buluu. Mwenye mawili ya kupunguza huwa mweupe wenye matone. Jambo hili si geni: William Bateson na R. C. Punnett wa Cambridge, Uingereza, walilichunguza katika kuku wa Andalusia mwanzoni mwa karne ya 20.

Basi, ukipandisha buluu kwa buluu, katika vifaranga 100 tazamia weusi kama 25, buluu kama 50, na wa matone kama 25. Ukipandisha buluu kwa mweusi, nusu watakuwa buluu na nusu weusi. Usitazamie hesabu itimie sawasawa katika kila kundi la mayai manane. Hata sarafu ukiirusha mara nane huenda ikaanguka upande mmoja mara sita.

Na hapa ndipo penye hasara. Watu wengi huchinja weusi na wa matone, wakidhani wameharibika, wakabakiza buluu peke yao. Mwaka hata mwaka hupata nusu tu ya waitakayo. Lakini mweusi akipandishwa na wa matone, vifaranga wote huwa buluu! Wale waliotiwa chunguni ndio waliokuwa wazazi bora. Angalia tu kwamba wawe wa aina moja, wenye afya, wala wasiwe ndugu wa tumbo moja, maana manyoya mazuri hayaponyi damu dhaifu.

Nilipoyajua haya nilipanda baiskeli kwenda kumwomba radhi yule mama. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai. Lakini banda lilikuwa tupu. Alisema aliwachinja weusi na wa matone, kisha akawauza waliosalia kwa bei ya kitoweo, kwa kuwa barua ilitoka ofisini, naye aliamini kwamba damu ya kuku wake ilikuwa mbaya kweli. Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Wewe uuzaye, mwambie mnunuzi mapema, mbele ya shahidi, kwamba buluu kwa buluu huzaa rangi tatu. Wewe ununuaye, nunua daftari, uandike jogoo gani alipandishwa na mtetea gani, na vifaranga walitoka rangi gani. Daftari hilo litakusaidia kuliko ugomvi wa mwaka mzima na jirani yako. Nasi makarani, tuhesabu kwanza, ndipo tushike kalamu.