Ngoma Jukwaani na Lugha Inayoachwa Uwanjani

Katika Kiswahili neno ngoma hubeba maana zaidi ya moja: chombo kilichowambwa ngozi, uchezaji unaofuata mdundo wake, na shughuli nzima inayowakusanya watu. Ng'ambo ya mpaka, katika Kirundi, ingoma ni chombo na vilevile ni ufalme. Neno lenye mzigo wa namna hiyo ni vigumu kulibana katika ratiba ya dakika tano, lakini ndivyo linavyobanwa kila mara kikundi cha kijiji kinapoitwa kutumbuiza mbele ya mgeni rasmi.

Mjadala kuhusu ngoma za jukwaani si mgeni nchini Tanzania. Mwaka 1962 iliundwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, kikundi cha taifa cha ngoma kikafuata, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo. Tangu hapo pamekuwapo kambi mbili. Moja hudai kwamba jukwaa limeiua ngoma kwa kuitenga na mavuno, arusi na matambiko. Nyingine hujibu kwamba pasipo jukwaa ngoma nyingi zingekwisha sahaulika. Kambi zote mbili huzungumzia miguu, ngozi na mavazi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza maneno ya wimbo yamekwenda wapi.

Na ichukuliwe Simbo, katika Wilaya ya Kigoma, si mbali na Ujiji. Kiswahili si kigeni huko. Ujiji ilikuwa kituo kikuu cha misafara katika karne ya 19. Lakini lugha ya ngoma za Waha ni Kiha, nayo huingia katika kundi moja na Kirundi na Kinyarwanda, lile ambalo Guthrie aliliwekea alama D60. Kiha ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti hutofautisha maana, na katika lugha za aina hiyo mtunzi aghalabu hawi huru kabisa kuipeleka melodia atakako: maneno yenyewe humwonyesha njia. Kiswahili sanifu hakina toni. Mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Wimbo wa Kiha unapogeuzwa kuwa wa Kiswahili ili mgeni auelewe, hubaki na melodia iliyotungwa kwa ajili ya maneno mengine. Waimbaji hulazimika kurefusha silabi isiyostahili kurefushwa au kumeza ile iliyostahili mkazo. Msikilizaji husema wimbo "umepwaya", wala hajui kwa nini. Mara nyingine hata tafsiri haifanywi: maneno ya zamani hutupwa na mahali pake huwekwa ujumbe wa kampeni fulani, pamoja na jina la mgeni.

Wakorea wamepita katika njia iliyo karibu na hii. Sheria yao ya kuhifadhi mali za utamaduni ilitungwa mwaka huohuo wa 1962, na chini yake mafundi wa sanaa za jadi walitambuliwa rasmi na kupewa wajibu wa kurithisha ujuzi wao. Mwaka 1978 Kim Duk-soo na wenzake mjini Seoul waliichukua ngoma ya wakulima, ambayo huchezwa kwa kuzunguka uwanja, wakaiketisha jukwaani kwa vyombo vinne tu: upatu mdogo, upatu mkubwa, ngoma yenye umbo la kinu cha saa ya mchanga, na ngoma ya pipa. Waliita samul nori. Hilo lilikuwa badiliko kubwa, tena la makusudi, na halikufichwa nyuma ya neno "asili". Kwa upande wa pansori, ambamo mwimbaji mmoja husimulia kisa kirefu akisindikizwa na mpiga ngoma mmoja, muda ulipunguzwa lakini lugha haikuguswa. Hadhira nayo haikunyamazishwa: mwenye kujua bado hutia sauti za kumhimiza mwimbaji katikati ya wimbo. Neno la Kiswahili hadhira, lenye mzizi mmoja na kuhudhuria, lingewafaa zaidi watu hao kuliko watazamaji.

Heshima ya kimataifa peke yake haitoshi kuilinda ngoma. Mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ngoma ya wakulima wa Korea na ngoma ya kifalme ya Burundi, zote mbili. Miaka mitatu baadaye, amri ya rais wa Burundi iliwakataza wanawake kuipiga ngoma hiyo.

Yamkini wapo watakaoiona hoja hii kuwa usaliti, hasa inapotolewa katika kurasa za idara ya Kiswahili. Kiswahili ndicho kilichowapa Waha na Wasukuma jukwaa moja, nalo si jambo dogo. Lakini lugha ya taifa haiongezewi nguvu kwa kuvishwa melodia isiyo yake. Kina tungo zake, mashairi na utenzi, zenye vina na mizani zilizotokana na mwenendo wake wenyewe. Kazi yake mbele ya ngoma ya Simbo ni kueleza. Mshereheshaji anaweza kusimama kabla ya wimbo akaeleza kwa Kiswahili, kwa sentensi tatu au nne, nani huuimba, wakati gani na kwa nini, na kila chombo kinaitwaje kwa Kiha. Kisha wimbo ukaimbwa kwa Kiha toka mwanzo hadi mwisho. Badala ya ngoma tano za dakika mbilimbili, ichezwe moja kwa dakika kumi. Vikundi vyenyewe haviwezi kulidai hilo, maana ratiba hupangwa na ofisi ya utamaduni ya wilaya. Hapo ndipo pa kuanzia, na mgeni rasmi anaweza kusubiri.