SUKARI YA DAMU IINGIE KATIKA MKATABA



Mwenye ugonjwa wa sukari akienda kwa daktari huambiwa: kula kwa saa, tumia dawa kwa saa, pima damu, rudi kliniki siku uliyopangiwa. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini ni nani kati yetu, kiwandani au shambani, anayejipangia saa zake mwenyewe?

Mwaka 2014 Wizara ya Afya ilipima watu nchi nzima. Karibu nusu ya waliokutwa na ugonjwa huu hawakujua kama wanao. Hao hawawezi kuituliza sukari yao, kwa maana mtu hapigani na adui asiyemwona. Na wanaojua hushindwa mara nyingi kwa sababu zinazoanzia kazini.

Tazameni zamu ya usiku. Aliyejidunga insulini akicheleweshwa chakula, sukari hushuka. Hutetemeka, hutoka jasho, huanguka kando ya mashine, na msimamizi husema amelewa. Akiogopa aibu hiyo huacha dawa. Hapo sukari hupanda kimya kimya, na miaka ikipita huharibu macho, figo na miguu. Mguu ukikatwa, kazi imekwisha na watoto wametoka shule.

Kliniki nayo huenda ikawa mbali. Sisi wa Bulembia twajua: mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020 uliharibu hospitali ya Kilembe, na wagonjwa wakahamishwa. Safari ya kufuata vidonge hula nauli pamoja na mshahara wa siku.

Sheria ya Ajira ya 2006 inasema aliyetimiza mwezi kazini akiugua alipwe mshahara kamili mwezi wa kwanza. Lakini ukifika mwisho wa mwezi wa pili bado huwezi kazi, mwajiri aruhusiwa kukuachisha. Ugonjwa wa sukari ni wa maisha. Kwa hiyo mkataba wetu lazima uzidi sheria. Tudai haya:

Kwanza, wafanyakazi wote wapimwe sukari bure kila mwaka, na majibu yawe siri ya mgonjwa.

Pili, saa ya chakula isiguswe, hata kazi ikizidi.

Tatu, siku ya kliniki ilipwe kama siku ya kazi.

Nne, asiyeweza zamu ya usiku apewe ya mchana bila kupunguziwa mshahara.

Mwajiri atalalamika kuhusu gharama. Tumjibu kwamba kumpoteza fundi wa miaka 20 ni gharama kubwa zaidi.

Nasi tuna wajibu. Twende kupimwa. Tupunguze soda na chai ya sukari nyingi. Tusiache vidonge kwa sababu leo twajisikia vizuri. Na mwenzetu akitetemeka kazini, tumpe kitu kitamu upesi kabla ya kumcheka.

Anayeficha ugonjwa wake kwa hofu ya kufukuzwa yuko peke yake. Akisimama na chama, ana wenzake wote nyuma yake.

Umoja ni nguvu.