Usitupe Mbachao

Novemba 24, 2024 hesabu ya dakika ndani ya mita za LUKU, iliyoanzia mwaka 1993, ilifika kikomo. Mita isiyobadilishwa ingekataa umeme mpya. Hivyo TANESCO iliwapa wateja namba mbili za tarakimu 20 kila moja, waziingize kabla ya namba ya umeme. Mita haikuacha ufunguo wake wa zamani mpaka namba zote mbili zikamilike. Kukatizwa katikati hakukuiua.

Hilo ni funzo kwa wakubwa wanaonunua mashine za Serikali. Murongo ni mpakani, Bumbire na Goziba ni visiwani. Fundi hafiki upesi. Basi programu ya zamani isifutwe kabla mpya haijathibitika. Usitupe mbachao kwa msala upitao.