Mkojo Mwingi Si Dalili ya Figo Zima

Mwanafunzi aliyepata kuzamisha kipande cha kiazi katika maji ya chumvi na kukiona kikilegea, amekwisha kuishuhudia kanuni inayotumiwa hospitalini ubongo wa majeruhi unapovimba. Dawa yenyewe ni manitoli, iliyo ya jamii ya sukari. Hutiwa katika mshipa wa damu, na kwa nguvu ya osmosisi huyavuta maji ya ubongo yaingie damuni. Figo huichuja, lakini mirija yake karibu hairudishi chochote damuni. Hivyo manitoli hutoka pamoja na maji mengi, na mgonjwa hukojoa sana.

Wingi huo wa mkojo umewadanganya hata mabingwa. Kwa miaka mingi wagonjwa walipewa manitoli ati kuyakinga mafigo. Mwaka 1994 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio la wagonjwa 78 wenye mafigo dhaifu, waliotiwa dawa ya kuonyeshea mishipa ya moyo katika eksirei. Kati ya waliopewa maji ya chumvi peke yake, asilimia 11 walidhurika mafigo; kati ya walioongezewa manitoli, asilimia 28.

Kiasi ndicho chenye hatari. Mtu wa kilo 70 akipewa gramu moja kwa kila kilo, mara nne kwa siku, hupata gramu 280, ilhali madhara huanza kuhofiwa kiasi kipitapo gramu 200 kwa siku. Na mwenye figo dhaifu huweza kudhurika kwa kiasi kidogo zaidi. Seli za mirija huvimba na kujaa vishimo vya majimaji, mishipa ya figo husinyaa, mkojo hupungua. Hapo manitoli hukosa njia ya kutokea, na maji iliyoyavuta huilemea mishipa na mapafu.

Kwa hiyo chupa ya mkojo pekee haitoshi kuwa shahidi. Yafaa damu ipimwe kabla ya kuongeza dawa: mkolezo wake hujulikana kwa kutazama inaganda kwenye baridi ya kiasi gani (somo la fizikia hilo!), kisha hutolewa jumla ya sodiamu mara mbili, glukosi na urea, zote kwa milimoli. Pengo likizidi kukua, manitoli imelundikana. Ikikomeshwa mapema, mafigo mengi hupona. Na ikibidi, mashine ya kusafishia damu huweza kuiondoa.