Niambie Jicho Lako Limekwenda Wapi

Kijana wa jirani, wa miaka 19, alinionyesha kwenye simu picha ya bibi yake akisuka ukili barazani. "Kali!" nikamwambia, nikamrudishia simu yake. Nilikuwa nawahi daladala. Akabaki amesimama pale, na mimi njia nzima nikijua kwamba sikuitazama.

Ndugu zangu, hii tabia tuiache. "Kali", "umetisha", "noma sana": mara nyingi tunayasema ili mtu atupishe njia. Na yule anayecheka na kuuliza "picha gani hii?" hana tofauti na mimi wa asubuhi ile. Sote wawili hatukutazama.

Jioni nikamfuata, nikaomba kuiona tena, safari hii nimeketi. Cha kwanza kuniingia machoni kilikuwa ndoo nyekundu ya plastiki nyuma ya bega la bibi. Halafu ua, umewaka jua. Uso nikaufikia mwisho, nao ni kivuli kitupu. Nikamwuliza, "Ulitaka nione nini?" Akajibu papo hapo: "Vidole." Vidole! Sikuwa nimeviona kabisa. Nikamsimulia tu njia yaliyopita macho yangu, ndoo, ua, uso, bila kumwambia kuwa picha ni nzuri wala mbaya. Akaikodolea mwenyewe kitambo, akaguna: "Kumbe ile ndoo."

Kesho yake akamwomba bibi ruhusa akapiga tena. Alisogea hatua mbili kushoto, ndoo ikajificha nyuma ya nguzo. Akachuchumaa mpaka usawa wa mikono. Akagusa kioo cha simu pale penye uso, akaipandisha ile alama ndogo ya jua, mwanga ukaongezeka. Ua ukaungua ukawa mweupe mtupu, ndiyo, lakini sasa kucha zenye hina zinaonekana, na ukindu unavyopishana katikati ya vidole.

Kuhusu uso ule uliokuwa giza, wapo waliomtania kijana kwamba bibi "kawa mkaa". Huo si utani wa kumfundisha mtu. Kamera hupima mwanga wa fremu na kuuchukulia kuwa kijivu cha wastani; nyuma pakiwa na mwanga mkali, yenyewe hupunguza, na uso wa mbele ndio unaolipa. Zaidi ya hapo, kwa miaka mingi maabara za picha za Ulaya na Marekani zilisawazisha rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, ikiitwa kadi ya Shirley. Nyuso zetu zina historia na mashine hizi. Kosoa mwanga, mwache bibi wa watu.

Zamani kulikuwa na mtu wa kutuonya hata kama hatukumwomba. Mkanda wa picha 36 ulipelekwa studio kusafishwa, na msafishaji aliyaona makosa yako kabla yako. Studio ya namna hiyo Unguja ni Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa mwaka 1930. Leo picha mbovu inafutwa kimya kimya ndani ya simu, na kosa lake linarudiwa kesho. Nafasi ya msafishaji ipo wazi, na naomba tuishike sisi.

Ukiletewa picha, nyamaza kwanza uitazame. Sema jicho lako lilitua wapi, uliza mwenzako alikusudia nini, kisha mpe jambo moja analoweza kulifanya kesho. Moja tu! Mtu akipewa kumi huenda akauza kamera. Na kama ni zito, usiliseme mbele za watu, subiri waondoke.

Nawe unayeonyesha, usiitetee picha. "Jua lilikuwa kali", "simu yangu ya kawaida tu": picha itakwenda kwa watu bila wewe kuwa pembeni ukiieleza. Sikiliza mpaka mwisho, useme ahsante, halafu una haki ya kukataa. Mimi nilimshauri kijana akate mtoto aliyetokea nusu ukingoni mwa picha ya pili. Akakataa katakata, ni mdogo wake, anajifunza kusuka. Nimeitazama tena, naona alikuwa sahihi.

Wala tusimsahau aliyepigwa picha, naye aulizwe. Siku hizi kijana anamwonyesha bibi kila anachopiga. Alimwekea zile mbili sambamba, akitarajia sifa kwa ile ya vidole. Bibi akavaa miwani, akazipitia polepole, akagonga kidole kwenye ile ya kwanza, ya ndoo.

"Hii. Mikono yangu naiona kila siku. Huu ua nimeufagia tangu alfajiri, na wewe umeufuta."