Msitupime kwa mkate wa kamba

Wiki tatu zilizopita nilifanya kosa moja dogo. Jirani yangu hapa Stockholm, mama wa Kiswidi aliyestaafu, alitimiza miaka 70 na akatualika wapangaji wenzake kunywa chai. Mezani palikuwa na mikate ya kamba, kila mtu na wake. Nami, kama wafanyavyo watu siku hizi, nikaupiga picha wangu kabla ya kuula, nikaituma kwenye kundi la ukoo.

Kesho yake alfajiri simu ikaita kutoka Dar es Salaam. Ni mtoto wa dada yangu. "Shikamoo mjomba. Kumbe huko mnakula kamba kwa mkate!" Tukacheka. Kisha akafika kwenye lake: amepata mtu wa kumfanyia mipango ya safari, na kile kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake kimeshapata mteja. Kilichobaki ni baraka zangu tu.

Ndugu msomaji, makala ya leo ni ya mkate. Wanaonisoma kwa ajili ya siasa watanisamehe.

Kwanza tuelewane. Waingereza hufunika sandwichi yao kwa slesi ya pili, na husimulia kwamba mwanzilishi ni yule Lord Sandwich wa karne ya 18 ambaye hakutaka kuacha karata ili ale. Waswidi hawafuniki. Ni slesi moja, vitu juu, macho yanaona kila kitu. Wanaiita smörgås, neno lililoungwa na siagi na bata bukini. Inaelezwa kwamba vibonge vya siagi vilivyoelea maziwa yakisukwa viliwakumbusha wazee wao bata bukini majini. Kwa hiyo anayesema watu wa Sweden wanakula bata hajakosea sana. Ni bata wa siagi.

Mikate wanaila kwelikweli. Miaka ya 1970 palikuwa na tangazo maarufu la taasisi yao ya mkate lililowakumbusha wananchi kwamba mamlaka ya afya inataka wale slesi sita hadi nane kwa siku. Fikiria nyumbani, serikali inakuhesabia slesi!

Sasa huo wa kamba. Chini slesi ya mkate mweupe, juu yake jani la saladi, yai la kuchemsha, mayonezi, halafu kilima cha kamba waliomenywa, kipande cha limau na majani fulani membamba kama ya karoti ambayo hawa jamaa huyatia karibu kila mahali. Unaliwa kwa kisu na uma. Ni mtamu, siwezi kudanganya. Mtu aliyezoea kuwaona kamba pale Feri wakipimwa na kupelekwa kwenye mahoteli, akiwekewa kilima kama kile peke yake, lazima ashike simu apige picha.

Lakini Waswidi wenyewe wana msemo juu ya mkate huo. Mtu aliyepata cheo au maisha mazuri bila jasho, kwa jina la baba yake tu, husemwa ameteleza akaingia juu ya mkate wa kamba. Niliposikia msemo huo mara ya kwanza darasani, kwenye kozi ya Kiswidi ya wageni, nilicheka peke yangu. Sisi mtaani tukisema fulani anapiga kamba, tuna maana anadanganya. Picha niliyowatumia ndugu zangu ilikuwa kamba kwa maana zote mbili.

Maana ukweli ni huu. Niliondoka nyumbani baada ya mwaka 2017, mwaka ambao magazeti manne yalifungiwa kati ya Juni na Oktoba. Nilipofika hapa, mwombaji hifadhi mtu mzima, asiye na familia na anayejipikia, alikuwa akipewa kronor 71 kwa siku. Kiwango hicho kilikuwa hakijapanda tangu mwaka 1994. Chakula humo, nguo humo, sabuni humo. Mkate mmoja wa kamba mkahawani ulizidi kronor 100. Nilikuwa nikiuona kwenye kioo nikipita, basi.

Nilichokula mimi ni slesi, yai la kuchemsha, na juu yake mstari wa Kalles. Hiki ni kitoweo kinachouzwa tangu mwaka 1954, mayai ya samaki yaliyotiwa moshi, chumvi na sukari, yakasindikwa kwenye tyubu ya bluu yenye picha ya mtoto mwenye nywele za dhahabu. Siku ya kwanza nilitaka kutema. Majira ya baridi ya pili nilikuwa nikiikosa nakosa raha.

Baadaye nilipopata kazi ya usiku ya kusafisha ofisi (ndiyo, mhariri mzima na ndoo yangu), ndipo nilipojua mkate mzuri ni upi. Unautengeneza saa kumi jioni, unaula saa nane usiku. Saa kumi ndani ya begi! Mkate wa kamba hauwezi mtihani huo, saa moja tu unakuwa uji. Unataka mkate mweusi wa rai, mzito, usiokunjika. Unataka siagi ipakwe mpaka ukingoni, si kwa anasa, bali kwa sababu mafuta huzuia maji yasipenye. Nyanya ifungwe kando. Halafu kitu kimoja cha chumvi na kimoja kichachu, vinatosha. Anayerundika vitu saba hana imani na hata kimoja.

Mapumziko ya saa nane tulikuwa tunakaa sita mezani, na kila mmoja na dini yake. Mkongo wa Bukavu alikuwa haachi parachichi na pilipili. Msomali, jodari wa kopo na pilipili mbichi za kutwangwa. Mganda aliviringisha chapati na mayai, ile rolex ya kwao, na akashikilia kuwa nayo ni sandwichi. Usiku huo sikuwa na nguvu za kubishana, na leo nadhani alikuwa na haki. Mzanzibari alituzidi wote: maharage ya nazi ya jana, yaliyoganda kwenye jokofu, anayakata kwa kisu kama jibini na kuyalaza juu ya slesi. Mimi chaguo langu halipatikani hapa. Ni andazi la mama ntilie wa mlango wa nyuma wa chumba cha habari, limepasuliwa tumbo likajazwa maharage, linaliwa kwa mkono mmoja huku mwingine unasahihisha ukurasa wa mbele. Nimejaribu kulipika mara nyingi. Linatoka andazi, lakini si lile.

Wapo watakaosema nimeshaingia ndani, sasa nafunga mlango. Hoja hiyo ni nzito na sikwepi. Sweden imenipa kitu nisichokuwa nacho: naandika haya na sisikilizi nani anagonga. Mpwa wangu akipata nafasi ya chuo au mkataba wa kazi, nitampokea mwenyewe Arlanda. Lakini huyo mtu wa mipango anamwambia akifika ajilipue, atungiwe kisa cha kuteswa. Hajamwambia kwamba tangu Julai 2021 kanuni ya hapa ni kibali cha muda, hata kwa wenye visa vya kweli. Na akikataliwa, kiwanja hakirudi.

Hata hivyo lawama kubwa naitupa kwetu sisi wa ughaibuni. Tunatuma kamba, tunaficha ndoo. Miaka yote hii sikumwambia dada yangu habari ya zile kronor 71, kwa aibu, na yeye akawa anajibu majirani kwamba kaka yangu yuko vizuri. Kijana angejuaje?

Basi jioni ile nilimwandikia mpwa wangu barua ndefu, hesabu zote ndani, kodi ya nyumba, nauli, nilichopata mwezi wa kwanza wa kazi. Mwishoni nikaambatanisha picha ya pili, chakula changu halisi cha usiku huo: slesi, yai, na tyubu ya bluu pembeni.

Alikaa kimya siku mbili. Kisha akajibu kwa mstari mmoja: "Mjomba, hiyo dawa ya meno mnapaka kwenye mkate?"

Nilimpigia tukaongea saa nzima. Mpaka naandika makala hii kiwanja bado hakijauzwa, na mteja anaendelea kumpigia simu.